Pavarotti: najibu maswali yenu

Niliandika kuhusu Luciano Pavarotti, yule Muitaliano muimbaji wa opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa, maswali yakamiminika. Haya twende.

Alizaliwa na sauti ile au aliisomea?
Vyote, ila mi naona kusomea ndo kulimtoa. Kazaliwa Modena 1935, baba yake Fernando muoka mikate, naye ana sauti nzuri kweli ila jukwaa analiogopa. Luciano kaanza masomo na miaka 19 kwa Arrigo Pola ambaye hakumtoza hata senti, huku anafundisha shule ya msingi, baadae anauza bima, na nyumbani walishakubaliana, utakula na kulala hapa mpaka ufike 30, ikigoma ukajitafutie. Katikati uvimbe ukamtokea kwenye nyuzi za sauti, tamasha la Ferrara likaharibika, akataka kuacha kabisa. Ila 29 Aprili 1961 akaimba kwenye opera ya La bohème kule Reggio Emilia, hakurudi nyuma tena.

Naimba sauti ya tatu kwaya, nikipanda juu koo linakaba. Yeye aliwezaje?
Pumzi ndugu yangu! 1965 alizunguka Australia na Joan Sutherland, mama muimbaji mwenye pumzi ya ajabu, basi Pavarotti anamuwekea mkono mbavuni asikie misuli inavyokaza kabla sauti haijatoka, halafu anajishika mwenyewe anajaribu. Na hapo ameshaimba Covent Garden, jumba kubwa la opera la London! Hapo ndo nampendea. Februari 1972, jumba la opera la Metropolitan, New York, akapiga noti ya C ya juu mara 9 kwenye wimbo mmoja wa mtunzi Donizetti, watu wakamrudisha jukwaani mara 17. Kwa hiyo usilazimishe koo, anzia tumboni.

Ile leso nyeupe aliyokuwa anashika jukwaani?
Mafua tu. 1973 huko Missouri aliingia nayo akiwa na mafua, ikabaki.

Wimbo wa Kombe la Dunia 1990 unasemaje?
Nessun dorma, yaani asilale mtu. Umetoka kwenye Turandot, opera ya mtunzi Puccini, binti mfalme kaamuru mji mzima ukeshe mpaka jina la mgeni lijulikane, na anayeimba ndo huyo mgeni, anamalizia vincerò, nitashinda. Kauimba Roma na waimbaji wenzake Domingo na Carreras usiku wa kuamkia fainali.

Mwisho wake?
Saratani ya kongosho, 6 Septemba 2007, Modena, miaka 71. Kwenye mazishi kanisani walipiga rekodi ya wimbo wa dini Panis Angelicus, anaimba yeye na mzee Fernando.