Jibu: Alama za semina hazionekani na mwaka unaisha

Habari wakili. Nimekusoma: uko Kisumu, tovuti ya LSK (Chama cha Wanasheria Kenya) inakuonyesha alama 3 za mafunzo endelevu badala ya 5 za mwaka zinazohitajika ili kuhuisha leseni ya uwakili, na ile semina uliyohudhuria Kakamega haimo kabisa.

Kabla ya kulipia nyingine, hakikisha nambari yako ya P.105 (ile ya usajili wa uwakili) iliandikwa sawasawa kwenye orodha ya mahudhurio. Huku Nakuru alama zangu ziliwahi kupotea hivyo, mwandalizi alikosea tarakimu moja. Tuma risiti na cheti cha kuhudhuria kwa sekretarieti, kwa barua pepe, si simu. Utahitaji maandishi ukifuatilia. Fanya wiki hii, maana Desemba kila mtu anawaandikia.

Alama zisiporudi, tafuta semina ya mtandaoni, huna haja ya kupanda basi hadi Nairobi. Jina lako lisomeke kama lilivyo kwenye leseni (wengi huingia na jina la simu ya mtoto!) na ukae hadi mwisho.

Leseni huisha 31 Desemba, na kifungu cha 9 cha Sheria ya Mawakili kinataka uwe na iliyo hai. Una kesi za Januari? Wateja hao ndio wa kufikiria sasa.