Mbona Wajerumani wa Huku Hawatamki Kama Darasani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kijerumani nilikisomea Dar es Salaam. Sasa nahudumia wazee karibu na Stuttgart. “Zwanzig” (ishirini) nilifundishwa imalizikie “-ich”, hapa nasikia “-ik”. “Du bist” (wewe ni) huwa “du bisch”! Je, nilifundishwa vibaya?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hukufundishwa vibaya hata kidogo. Hilo “-ich” ni la kaskazini, na ndilo lililowekwa kwenye kanuni za matamshi ya jukwaani, yaani ya waigizaji wa tamthilia, alizochapisha mtaalamu wa lugha Theodor Siebs mwaka 1898. Kusini kote, mpaka Austria na Uswisi, “-ik” ni kawaida, hata kwa wasomi. Sikiliza pia “China”: huko uliko utasikia “Kina”, kaskazini wengi husema “Shina”. “Bisch” ni lahaja ya Kiswabi, ya huko Stuttgart, na wazee wako wameinyonya utotoni. Ielewe, usijilazimishe kuiiga. Wewe sema “bist”, watakuelewa.

Na ile “r” yetu ya ncha ya ulimi usiifiche! Wapo Wajerumani wengi, hasa Bavaria, wanaoitamka vivyo hivyo. Ukienda Köln, utasikia neno “ich” (mimi) likigeuka “ish”. Berlin neno hilohilo ni “ik”.