Fundi wa Umaliziaji Hapatikani kwa Sababu Hatukumlea

Kwa miaka kumi na saba nimesimamia kazi za umaliziaji wa majengo jijini Dar es Salaam, yaani dari za jipsamu, marumaru, puti (ile lipu laini ya kusawazisha ukuta kabla ya rangi) na rangi, na lalamiko ninalolisikia kila mara kutoka kwa wasimamizi wenzangu ni kwamba vijana wamejaa mitaani lakini mafundi hawapo. Nami nililirudia sana lalamiko hilo, hasa baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, kwa kuwa mafundi wangu watatu wa dari waliifuata kazi huko na hawakurudi. Nilichokuwa sikisemi ni kwamba kila mmoja wao alikuwa na saidia fundi aliyekaa naye zaidi ya miaka miwili, na hakuna hata mmoja kati ya wasaidizi hao aliyeweza kufunga dari ya chumba peke yake. Walijua kubeba, kukoroga na kufagia.

Sababu yake nilikuja kuelezwa na fundi wangu wa marumaru, mtu mzima asiye na maneno mengi, siku nilipomlaumu kwamba hamfundishi kijana wake. "Bosi, wewe unanilipa kwa mita," alisema. "Nikisimama nusu saa kumwonyesha huyu namna ya kukata kigae cha kona, hiyo nusu saa nani ananilipa? Na akishajua, utampa yeye kazi yangu kwa bei ya chini." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu mwaka uliotangulia nilikuwa nimemfanyia fundi mwingine jambo hilo hilo.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ambao ndio ninaouona kuwa mzito kuliko yote, ni kuangalia namna unavyolipa kabla hujaanza kutafuta mafundi. Sisemi uache malipo ya mita, maana yanamrahisishia kila mtu hesabu. Mimi nilichofanya ni kutenga asubuhi mbili za kila wiki ambazo fundi mkuu analipwa kwa siku, kwa wastani wa alichopata mwezi uliopita, na asubuhi hizo kazi yake ni kusimama nyuma ya mwanafunzi. Tuliandikiana pia kwamba bei yake ya mita haitashushwa mpaka mradi uishe, hata kama kijana ataanza kufanya kazi hiyo hiyo. Karatasi hiyo moja ilibadilisha mambo kuliko mawaidha yote niliyowahi kutoa saiti.

Jambo la pili ni kumpa kijana mahali pa kukosea. Katika makisio tunaongeza takriban asilimia 10 ya marumaru kwa ajili ya vipande vinavyopotea, na mabaki yake huishia kuwa kifusi. Mimi huyapeleka kwenye ukuta wa mazoezi nilioujenga nyuma ya stoo. Hapo kijana anabandika, kisha fundi anagonga kila kigae kwa mpini wa mwiko, na kinachotoa mlio wa utupu kinabanduliwa mbele yake ili aone mwenyewe kwamba aliweka udongo wa kubandikia kwa madonge matano badala ya kuusambaza mgongo mzima. Kwa upande wa jipsamu anajifunza kupishanisha viungo vya bodi zake, kubandika utepe kabla ya puti, na kutoibana skrubu hadi ikachana karatasi. Anayepaka rangi naye lazima ajue kwa nini lipu mpya huachwa ikauke kwa wiki nne hivi, vinginevyo ukuta utatoa malengelenge na lawama zitamwangukia yeye, wakati mwenye haraka alikuwa tajiri. (Ni mara chache sana mwenye nyumba hukubali kwamba haraka ilikuwa yake.)

Usiwapite pia wale ambao tayari wana ujuzi bila cheti. VETA, yaani mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufanya urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, ambapo fundi aliyejifunzia kazini hupimwa na kutambuliwa. Mpe ruhusa yenye malipo aende. Wapo wasimamizi wanaoogopa kwamba mwenye cheti atadai nyongeza. Ni kweli atadai, na kwa kawaida anastahili.

Hofu kubwa zaidi ni kwamba utamfundisha kijana kisha aondoke. Kati ya sita niliowalea kwa utaratibu huu, wawili wameondoka, na mmoja wao aliondoka wiki tatu tu baada ya kuiva, jambo lililonikera sana. Waliobaki ni wanne, akiwamo dada mmoja aliyeanza kwa kupiga msasa na ambaye sasa hakuna anayemfikia kwa puti. Kabla ya hapo nilikuwa nabaki na sifuri.

Mwisho, panga vyumba kwa akili. Mwanafunzi aanzie stoo, kisha ndani ya makabati, kisha chumba cha nyuma, wala asiguse sebule mapema, kwa sababu mwanga wa dirisha unaopita sambamba na ukuta hufichua kila bonde. Sisi hungoja usiku, tunazima taa zote, tunaegemeza tochi ukutani na kumulika kwa ubavu, naye kijana mwenyewe anazungushia kwa penseli kila kasoro anayoiona. Usiku ambao amezunguka chumba kizima na penseli haikugusa ukuta, na fundi wake naye hakuona pa kuweka alama, kesho yake anaingia sebuleni.