Maswali ya Wasomaji: Nyuzi Mpya za Besi Zisizotulia

SWALI: Kwa fundi wa safu hii, salamu. Piano ya kusimama ya kanisa letu ilibadilishiwa nyuzi zote za besi mwezi uliopita, kwa kuwa zile za zamani zilikuwa zimeota kutu na sauti yake imekuwa butu. Fundi alizifunga, akazikaza, akapatanisha sauti na kuondoka siku hiyo hiyo. Kufikia Jumapili ya pili besi ilikuwa imeshuka. Tukaomba irekebishwe, nayo ikashuka tena. Isitoshe, uzi mmoja unatoa mvumo wa kukera kila ukipigwa kwa nguvu. Baadhi ya wazee wa kanisa wanadai tumeuziwa nyuzi mbovu, wengine wanasema ni hewa ya bahari. Tumwamini nani? — Mwalimu wa kwaya, Tudor, Mombasa.

JIBU: Mwalimu, kabla wazee hawajaenda kudai fedha, isikilizeni piano nzima wala si besi peke yake. Unyevu ukizidi, ubao wa sauti huvimba na kuzisukuma nyuzi, na kwa kawaida sauti hupanda badala ya kushuka. Tena mabadiliko hayo husikika zaidi katikati ya piano kuliko kwenye besi. Ikiwa sehemu ya katikati imekaa mahali pake na nyuzi mpya tu ndizo zilizoshuka, basi hewa ya bahari haina hatia katika shauri hili, ingawa sisi watu wa Pwani tumezoea kuitwika kila lawama. Nyuzi nazo huenda hazina kasoro yoyote. Kwa maelezo yako, naona kazi iliachwa nusu.

Uzi wa besi ni waya wa feleji uliozungushiwa waya wa shaba ili uwe mzito, na mara nyingi huvutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 70 au zaidi. Ni kweli kwamba feleji mpya huendelea kurefuka kidogo kwa miezi kadhaa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kushuka kwa majuma ya kwanza husababishwa na kona ambazo uzi hupitia. Waya huo ni mgumu, hivyo unapopita baina ya pini za daraja, yaani kile kipande cha mti kinachopeleka mtikisiko kwenye ubao wa sauti, haukubali kupinda kwa kona kali, bali hujikunja kwa mviringo. Kitanzi chake cha chini nacho hakijaibana sawasawa pini kinayoishikilia, na ile mizunguko mitatu iliyo kwenye pini ya kukazia huwa na nafasi kati yake. Penye kila ulegevu wa namna hiyo pana waya wa ziada, ambao mvutano huunyoosha polepole, na kadiri unavyonyooka ndivyo sauti inavyoshuka.

Ulegevu huo haufai kusubiriwa uishe wenyewe, kwa sababu unaweza kuondolewa kwa mkono. Mwiteni fundi arudi, na mwombeni aubane kila mzunguko kwenye pini ya kukazia hadi ugusane na mwenzake, akisukume kitanzi hadi chini kabisa ya pini yake, kisha aunyooshe uzi pande zote mbili za kila pini ya daraja kwa kijiti cha mti mgumu. Asipige nyundo juu ya uzi ulio kwenye daraja, kwa maana waya utazama katika mti na kuacha mfereji ambao hauzibiki. Baada ya hapo sauti itashuka ghafla mbele ya macho yenu. Msishtuke: huko ndiko kushuka ambako kungewasumbua kwa majuma mengi. Arudishe uzi kwenye sauti yake, aunyooshe tena, na arudie hadi kijiti kisipoleta tofauti kubwa. Mafundi wengi hatimaye huuacha uzi mpya juu kidogo tu ya sauti yake, ili ukishuka ushukie mahali panapofaa.

Lipo jambo moja linaloweza kutufanya tumlaumu fundi bure, nalo ni pini ya kukazia iliyolegea katika mti wake. Chora alama ndogo ya penseli juu ya kichwa cha pini na nyingine mkabala wake kwenye fremu ya chuma. Sauti ikishuka na alama zikiachana, pini inarudi nyuma, na dawa yake ni pini nene zaidi. Alama zikibaki zinatazamana, tatizo ni ulegevu wa uzi.

Ule mvumo, kwa uzi mpya, mara nyingi hutokana na shaba ambayo haikuubana sawasawa waya wa ndani. Fundi aulegeze uzi, akivue kitanzi, auzungushe mzunguko mmoja kuelekea upande unaoikaza shaba, kisha akirudishe kitanzi bila kuuachia ujifungue. Hatua hiyo ilipaswa kufanywa kwa kila uzi siku ya kwanza.

Hata baada ya yote hayo, panga fedha za kurekebisha sauti mara nne hivi katika mwaka huu wa kwanza. Kati ya ziara hizo, usiitegemee mno programu ya simu kwa noti za chini kabisa: noti ya la (A) ya chini kabisa ya piano ni hezi 27.5, yaani mitikisiko 27.5 kwa sekunde, na sauti hiyo ya msingi ni hafifu sana kwenye piano ya kusimama, hivyo simu hubabaika. Piga noti pamoja na oktavu yake ya juu na usikilize mawimbi kati yake, yaani ile sauti inayoyumba noti mbili zisipopatana. Na kama ukumbi wenu huwashwa kiyoyozi Jumapili tu kisha madirisha yakaachwa wazi wiki nzima ya mvua za Aprili na Mei, piano nzima itahangaika, hata ikiwa na nyuzi bora kuliko zote.

SWALI: Uzi mmoja kati ya mbili za noti ya besi umekatika. Naweza kufunga uzi wa gitaa kwa muda? — Msomaji, Nyali.

JIBU: Hapana. Urefu, unene na uzito wake havilingani kabisa na vinavyohitajika. Hifadhi vipande vyote vya uzi uliokatika, hata vikiwa na kutu, kwa kuwa mtengenezaji wa nyuzi huvipima kwa maikromita, waya wa ndani na unene wote pamoja na shaba, ili atengeneze uzi unaofanana. Mimi ningeagiza nyuzi zote mbili, kwani uzi mpya unang'aa kwa sauti na ule wa zamani umefifia, na sikio halikosi kuubaini utengano huo. Ukilazimika kubadilisha mmoja tu, uzimishe kwa kabari ya mpira katika majuma ya kwanza, na umwachie wa zamani noti hiyo mpaka mgeni atulie.

SWALI: Nyuzi mpya za besi zinaanza kuota ukungu wa kijani. Nizipake mafuta? — Msomaji, Likoni.

JIBU: Usizipake mafuta yoyote. Mafuta huingia katikati ya mizunguko ya shaba, hukusanya vumbi na kuifanya sauti iwe butu. Yakichuruzika hadi kwenye mti wa pini za kukazia, pini hulegea na gharama huwa kubwa kuliko ya nyuzi zote. Zipanguse kwa kitambaa kikavu, usizishike kwa mikono yenye jasho, na isogeze piano mbali na dirisha linaloelekea baharini.