Muulize Fundi: Linta imwagwe sasa au isubiri kenchi?

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, najenga Machomanne, Chake Chake. Ramani kaniletea mwanangu aliyeko Maskati. Nyumba kubwa ina upana wa mita 9, na kwa mbele limetoka bawa la mita 6, ndiyo sebule. Baina ya sebule na ukumbi hakuna ukuta, ni uwazi mtupu. Paa lina migongo mitano, na juu ya mlango kuna kipaa kingine cha urembo. Muashi anataka kumwaga linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, Jumamosi. Seremala anasema nimwachie, akishapanda juu atajua la kufanya. Karakana moja nayo inataka niwapelekee ramani tu, wao watanitengenezea kenchi, zile fremu za kubeba paa, na kuzileta tayari. Tangi la maji la lita 1,000 litakaa juu ya dari. Nimsikilize nani?

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu wangu. Kwanza mzuie muashi. Mpe kazi ya shimo la choo ikiwa hataki kukaa bure, lakini linta isimwagwe Jumamosi hii.

Tazama pale sebule inapoingia ukumbini. Kenchi za nyumba kubwa zinatoka ukuta wa nyuma kwenda ukuta wa mbele, mita 9. Kwenye bawa, huo ukuta wa mbele haupo kwa mita 6 nzima. Ukizipanga kenchi kila baada ya mita 1.2, kuna nne ambazo nyuma zina pa kukalia na mbele hazina kitu. Hizo zinataka kenchi ya kubeba, nayo ipite juu ya uwazi ule kutoka pembe moja hadi ya pili. Haitakuwa kama nyingine; kwa kawaida hufanywa mbili au tatu zikafungwa pamoja kwa bolti. Nusu ya uzito wa zile nne na kila kilicho juu yake utateremka kwenye ncha zake mbili, na chini ya kila ncha panatakiwa nguzo ya zege yenye nondo kuanzia msingi. Tofali tupu hapo zitapasuka. Njia ya pili ni kumwaga bimu ya zege juu ya uwazi na kenchi zikae juu yake kama zinavyokaa ukutani. Mimi kwa nyumba yako naipenda hii ya bimu, kwa sababu seremala yeyote mzuri wa Pemba ataimudu kazi iliyobaki. Lakini nondo za bimu hiyo ni hesabu ya mhandisi. Usimwachie muashi akisie kwa macho.

Yote mawili yanaamuliwa kabla ya linta. Akipanda seremala baadaye, atakuta nguzo hazipo, atapachika kijiti juu ya dari na kukuambia mambo sawa.

La pili ni mwinamo. Uliza ramani yako inasema nyuzi ngapi. Tuseme 25. Nyumba ya mita 9 itapanda mita 2.1 mpaka mgongoni, na bawa la mita 6 litapanda mita 1.4 tu. Mgongo wa bawa utakuwa chini kuliko mgongo mkubwa na utaingia kwenye paa kubwa mita 3 ndani ya mstari wa ukuta. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wapo watakaokwambia migongo yote iwe sawa ili nyumba ipendeze kutoka barabarani. Kuufikisha mgongo wa bawa kwenye mita 2.1, mwinamo wake lazima uwe nyuzi 35. Hapo vali, yaani pale mapaa mawili yanapokutana kwa ndani, haitakatwa tena sawasawa katikati ya pembe. Kila papi, yaani ubao wa kupigilia bati, itakuwa na mkato wake, na fishabodi, zile mbao za ukingo wa paa, mbele na ubavuni zitagoma kukutana mpaka mtu ainue ukuta au afupishe upenu upande mmoja. Shika mwinamo mmoja na upenu wa urefu mmoja nyumba nzima.

Kipaa cha mlangoni kiondoe. Chini yake hakuna chumba, na kitakuletea vali mbili zaidi za kuvuja masika. Waliojenga Mji Mkongwe walikuwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Hakuna aliyechora kwanza halafu akaiuliza boriti kama itafika. Siku hizi picha inatoka kwenye simu, paa ndilo linaloombwa lifuate.

Sasa nani umsikilize. Tafuta mhandisi mmoja, umlipe achore mpango wa kenchi: kila kenchi na namba yake, inakaa juu ya nini, ipi inabeba ipi, mzigo unashuka wapi. Karatasi hiyo moja wapewe muashi, seremala na karakana, wakae nayo pamoja uwanjani kwako, na asiyekubaliana aseme siku hiyo hiyo. Mwanao atumiwe pia, asije akabadilisha dirisha kutoka Maskati. Linta ikishamwagwa, karakana ije yenyewe na futi kupima kuta zilizosimama, pamoja na kona kwa kona. Ramani inasema mita 9. Ukuta wa kweli unaweza kuwa 9.05, na kenchi haivutiki.

Mwambie mhandisi habari ya tangi mapema. Lita 1,000 ni tani nzima, bado tangi lenyewe. Ushauri wangu ni kulijengea mnara wake wa zege nyuma ya jiko. Na wakati wa kumwaga linta, muashi aache vyuma vya kufungia kenchi vikiwa vimezama kwenye zege. Kusi likiingia chini ya upenu huwa linanyanyua paa, na msumari peke yake hung'oka.

SWALI: Fundi, nyumba yangu iko Nungwi karibu na pwani. Nimeambiwa nikiweka kenchi za chuma nimemaliza, hakuna matengenezo. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, kaka. Chuma chembamba kilichopakwa zinki ni kizuri, ila kila kinapokatwa, kutobolewa au kuchomewa zinki imeondoka, na upepo wa chumvi huanzia hapo hapo. Ukikitaka, kenchi ziunganishwe kwa skrubu badala ya kuchomea, na kila mkato upakwe rangi ya zinki kabla ya kupandishwa. Ukichagua mbao, nunua za Mafinga zilizotiwa dawa, uzipange kivulini na vijiti katikati zikauke, maana mbichi zitajipinda zikiwa juu. Mkato wa mbao nao upakwe dawa upya. Misumari iwe ya kuzamishwa kwenye zinki. Ile myeusi ya rejareja usiikubali hata ukipewa bure. Na acha mlango wa kupandia darini wa kutosha mtu mzima kupita na tochi kukagua.