Leza Bila Vioo: Wasomaji Wauliza

SWALI: Nafundisha fizikia sekondari hapa Lamu. Nimesoma kuwa unga mweupe ndani ya rangi unaweza kutoa leza bila vioo, na vitabu vyetu vinasema lazima viwepo vioo viwili. Lipi sahihi? Na je, kurunzi ya leza ya dukani yatosha kuwaonyesha wanafunzi? Chokaa tunayo tele. – Mwalimu, Langoni

JIBU: Yote mawili yana ukweli wake, mwalimu: vioo ni vya leza ya kawaida, ila si lazima kwa kila leza. Kazi ya vioo ni kuichelewesha nuru, ipite tena na tena kwenye dutu iliyotiwa nishati, na kila ikipita iongezeke. Unga laini huichelewesha kwa fujo. Nuru hurushwa punje hii hadi ile, kama mgeni aliyepotea vichochoroni Mkomani: kutoka atatoka, ila atakuwa amezunguka mno kwa safari ya hatua mia.

Mrusi Vladilen Letokhov alilikokotoa jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1960. Nuru hukua katika ujazo wote wa donge la unga uliotiwa nishati, lakini huvujia kwenye uso wake wa nje tu. Donge likiwa kubwa vya kutosha, kukua kunashinda kuvuja. Kwa donge la duara, chukua umbali ambao nuru husafiri kabla ya kupoteza mwelekeo wake, zidisha kwa umbali inaohitaji kusafiri ili ikuzwe, gawa kwa 3, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 3.14. Umbali wa kwanza ukiwa mikromita 10 na wa pili 300, nusukipenyo kinachohitajika ni kama milimita 0.1. Chembe ya mchanga, basi.

Mwaka 1994 Nabil Lawandy na wenzake, Marekani, walitumia rodamini, rangi inayong'aa, katika methanoli, aina ya spiriti, pamoja na oksidi ya titani, ule weupe wa rangi za ukutani. Mwanga wake, ambao urefu wa mawimbi yake ulitanda makumi ya nanomita, ulijibana hadi nanomita chache. Mwaka 1999 Hui Cao na wenzake wakaona kwenye unga wa oksidi ya zinki miiba, yaani vilele vyembamba katika mchoro wa mwanga, isiyofika upana wa nanomita 1. Kila mwiba ni rezonansi: mawimbi yaliyotawanywa yanarudi na kukutana kilele kwa kilele. Wengi huchora njia ya nuru kama kitanzi kilichofungwa. Mchoro huo unasaidia darasani, ila kwa kweli punje nyingi mno hushiriki kwa pamoja.

Kurunzi haitatosha. Mpigo wa leza ya maabara wa milijuli 1 kwa nanosekunde 5 una wati 200,000. Kurunzi ya miliwati 5 ni pungufu mara milioni 40. Hata maabara hudanganyika: kuta sambamba za kichupa chenye mchanganyiko hugeuka vioo vya kawaida, kwa hiyo watafiti hukiinamisha, kisha hurudia jaribio bila unga ili kulinganisha. Unga ukituama au rangi ikichujuka, leza hufifia.

Darasani onyesha hatua za leza hii moja moja. Paka chokaa: ikiwa mbichi huona ukuta kupitia kwake, ikikauka ni nyeupe pe. Chokaa hupinda nuru kwa kipimo cha karibu 1.57, maji 1.33, hewa 1. Maji yakitoka matunduni tofauti hukua, na mtawanyiko nao.

Halafu koroga nusu kijiko cha manjano ya jikoni katika mililita 100 za spiriti, mbali na moto, uchuje kwa kitambaa. Mulika kwa leza ya zambarau ya nanomita 405. Nyekundu na kijani hazifai, fotoni zake hazina nishati ya kutosha. Utaona mstari wa kijani. Tia konifulawa kidogo, koroga, na mstari unavimba kuwa wingu. Usitumie maziwa, spiriti huyagandisha. Wala chokaa: manjano hugeuka mekundu na mng'ao kupungua. Konifulawa hutuama upesi, kwa hiyo mulika ukikoroga. Waambie wanafunzi kuwa huo ni mng'ao tu, si leza. Na mtu asielekeze jicho kwenye mwale: kurunzi za kijani za bei rahisi huvujisha hata infraredi isiyoonekana.

SWALI: Nikimulika ukuta uliopakwa chokaa kwa leza naona vitone vinavyochezacheza. Ni macho yangu mabovu? – Msomaji, Malindi

JIBU: Vitone hivyo huundwa na mawimbi yanayotoka kila kibonde cha ukuta na kukutana ndani ya jicho lako, pengine yakijumlika, pengine yakifutana. Leza ya unga hutoa rezonansi nyingi kwa pamoja, kila moja na vitone vyake, vikafifishana. Ndiyo maana kundi la Hui Cao, Chuo Kikuu cha Yale, liliitumia mwaka 2012 kupata picha zisizo na madoa hayo. Kuhusu macho, vua miwani, kama unayo, utikise kichwa polepole: vitone vikienda kinyume na kichwa, huoni mbali vizuri, vikifuatana nacho, huoni karibu.