Re: Soka ya shule za upili Kenya, Magharibi au Bonde la Ufa?

Ndugu, umeuliza kama Magharibi bado ni wababe wa soka ya shule au Bonde la Ufa wamewapiku. Mimi nasema Magharibi, na sababu yangu ni wingi wa timu ngumu. Kakamega School (Green Commandos) na Musingu (Scorpions) wako kaunti moja, kwa hiyo wanaweza kuumizana mapema, kabla hata ya kufika mashindano ya taifa. Niliwahi kushuhudia mechi ya huko: ngoma za isukuti zinarindima nyuma ya goli, beki mguu umevimba, anakataa katakata kutolewa. Ukizoea presha kama hiyo, fainali haikutishi.

Sasa hiyo Bonde la Ufa unayoisifu, sehemu kubwa ni St. Anthony's ya Kitale, na wale vijana nawavulia kofia. Lakini tazama ramani: Kitale iko kaunti ya Trans Nzoia, inayopakana na Bungoma na Kakamega, kaunti za Magharibi. Ni ukanda uleule wa soka, uliokatwa na mpaka wa utawala tu.

Nyanza nao msiwadharau, Kisumu Day wanacheza pasi fupifupi za kupendeza.